Sili (kizibo) ya metali ya fedha imeshika, glasi basi tena

Jamani imeshika! Pete ya fedha inaziba ukingo wa diski ya BSCF (seramiki ya bariamu, strontiamu, kobalti na chuma, membreni inayopitisha oksijeni tu kutoka hewani), tanuri liko nyuzi 880 za Selsiasi, na gasi kromatografi (mashine ya kupima gesi) inaonyesha upande wa pili, wa heli, naitrojeni karibu haipo kabisa, yaani hewa haivuji. Nimefurahi sana aisee.

Glasi imenitesa. Borosiliketi, glasi yenye silika na boroni, inalainika, inaziba freshi, unashangilia, halafu naitrojeni inaanza kupanda taratibu. Wengi wanalaumu kutanuka, na kweli BSCF inatanuka karibu sehemu 20 kwa milioni kwa kila digrii wakati Pyrex, ambayo ni borosiliketi, ni 3.3 tu, ukipoza lazima kitu kipasuke, lakini yangu ilikuwa inavuja hata kabla sijapoza, joto liko palepale! Nikakata kipande, nikasugua, nikakiweka kwenye hadubini ya elektroni. Pale mpakani hakuna tena glasi wala BSCF, kuna ukanda wa kijivu umejaa vitundu, bariamu na strontiamu zimevutwa kwenye glasi zikawa silikati, na huku kwenye diski kobalti na chuma vimebaki vimejitenga kwenye mabonge yao. Silika ikikutana na bariamu kwenye joto lile haiachi, na boroni nayo ni hivyohivyo. Sasa uzibe vipi na kitu kinachokula membreni yenyewe?

Fedha haina hayo mambo. Kwenye joto hilo oksidi yake haidumu, kwa hiyo inabaki metali tu, halafu inatanuka karibu sawa na BSCF. Kazi iko kwenye kulainisha, maana inayeyuka 961.8, mimi napanda mpaka 950 na uzito juu ya diski, nasubiri, nashuka. Na hapo usiniambie habari za thamokapo (waya za kupimia joto) ya aina ya K, ikizoea joto kali kipimo chake kinahama, na nafasi yenyewe ni digrii kumi na kitu. Nunua aina ya S, ghali ndiyo, lakini utalala usingizi.

Ratiba yangu ya majaribio inasema sasa nichanganye fedha na oksidi ya kopa (shaba). Naiweka pembeni, kopa inapenda kupenya kwenye mipaka ya chembe za BSCF na nimechoka na mambo ya kupenya. Usiku nimewaza mrija mrefu uliozibwa ncha moja, ncha ya wazi inatoka nje ya tanuri kwenye baridi, unaziba na oringi (pete ya mpira) ya silikoni, kemia yote hiyo inaisha! Ila BSCF chini ya 850 hivi fuwele zake zinaanza kugeuka polepole na oksijeni inayopita inapungua, kwa hiyo mrija utakuwa wa LSCF, seramiki ya jamii hiyohiyo yenye lanthanamu badala ya bariamu. Unga nimeshaanza kusaga leo.