Sekunde ya kwanza haimalizi ubishi wa Muumba

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Kariakoo ubishi huu huenda hivi. Mmoja anasema sayansi yenyewe imekiri kuwa ulimwengu una mwanzo, kwa hiyo lazima yupo aliyeuanzisha. Mwenzake anajibu kwamba fizikia imeshaonyesha ulimwengu unaweza kutokea pasipo kitu. Wote wawili wameibebesha fizikia mzigo usio wake.

Kilicho imara katika nadharia ya Mlipuko Mkuu (Big Bang) ni hiki: ulimwengu unatanuka, na ukihesabu kurudi nyuma unafika kwenye hali ya joto kali na msongamano mkubwa, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Dakika chache za mwanzo zilipika heli, karibu robo ya uzito wa maada ya kawaida, kiasi ambacho nyota peke yake zisingekifikisha. Mwanga ulioachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi bado unatufikia, umepoa hadi kelvini 2.7, yaani digrii 2.7 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Zile chenga za televisheni isiyo na stesheni, kabla ya analojia kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, sehemu yake ndogo ilikuwa mwanga huo huo.

Rudi nyuma zaidi, kupita sekunde moja iliyogawanywa kwa 1 yenye sifuri 43, na milinganyo ya Einstein haiaminiki tena; ukiilazimisha hadi sifuri inatoa msongamano usio na kikomo. Hapo ni hesabu iliyokwama. Hatujaona tukio lolote.

Sasa chukua hoja iliyopata umaarufu kwa al-Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111: kila kilichoanza kuwapo kina kisababishi, ulimwengu ulianza kuwapo, basi ulimwengu una kisababishi. Watu huchomeka Mlipuko Mkuu kwenye sentensi ya pili, na ndipo wanapoteleza, kwa sababu nadharia hiyo inasimulia jinsi ulimwengu ulivyotanuka na kupoa kutoka hali ya joto. Haisimulii kutoka kutokuwapo hadi kuwapo. Hata uthibitisho wa wanafizikia Borde, Guth na Vilenkin wa mwaka 2003, unaotajwa sana na watetezi wa hoja hii, unasema tu kwamba kutanuka hakuwezi kurefushwa nyuma milele. Kwenye mpaka huo kulikuwa na nini, hausemi.

Upande wa pili nao una tundu lake. Mwaka 1982 Vilenkin huyo huyo alipendekeza kielelezo ambamo ulimwengu mdogo unachomoza "pasipo kitu". Lakini ndani ya kielelezo kanuni za kwanta, zile zinazotawala chembe ndogo kabisa, zipo tayari, zinafanya kazi. Utupu wenye kanuni ni kitu, na swali la kanuni hizo zimetoka wapi linabaki pale pale.

Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyeandika juu ya kutanuka kwa ulimwengu mwaka 1927, aliliona hili mapema kuliko wengi. Papa Pius XII alipoihusisha sayansi hiyo na uumbaji katika hotuba ya mwaka 1951, Lemaître hakufurahishwa. Alishikilia kuwa nadharia yake iko nje ya suala la dini. Huyo ni padri, jamani, na hakutaka ushindi wa bure.

Hoja ya Muumba iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, haihitaji tarehe kabisa. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu, aliamini ulimwengu hauna mwanzo wa wakati, na bado akasema unamtegemea Mungu. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki, aliamini kwa imani kwamba ulianza, lakini akakataa kuwa akili peke yake inaweza kulithibitisha hilo. Fikiria taa inayowaka Sinza. Kuuliza nani aliibonyeza swichi jioni ni swali moja. Kuuliza ni nini kinaiwasha sasa hivi ni swali jingine. Mitambo inayolisha gridi ikisimama, taa inazimika hata kama iliwashwa miaka elfu iliyopita. Ibn Sina anauliza swali la pili.

Anayetaka kumpinga apige hapo hapo, kama mwanafalsafa Bertrand Russell alivyofanya mwaka 1948 alipojadiliana na padri Frederick Copleston kwenye redio ya BBC. Kila binadamu ana mama, Russell alisema, lakini haifuati kwamba jamii ya binadamu kwa ujumla ina mama; vivyo hivyo, vitu vya ulimwenguni kuwa na visababishi hakufanyi ulimwengu mzima uwe nacho. Pingamizi hilo lina meno. Hata hivyo linakanusha tu kwamba sifa ya sehemu lazima iwe sifa ya kizima. Halionyeshi kwamba kizima kinajitosheleza, na mzigo wa kuonyesha hilo Russell hakuubeba.