Kilo tatu, sufuria tatu: nilivyojifunza kuijua nyama

Napika chakula cha mchana cha maofisini hapa Tabata, Dar es Salaam. Sahani arobaini, siku nzuri hamsini. Mwaka wa kwanza kilichonitesa hakikuwa mkaa wala kodi ya fremu, ilikuwa nyama. Wali umenyooka, maharage yameungwa kwa nazi yakakubali, halafu mteja anatafuna kipande kimoja dakika nzima, anakitoa mdomoni, anakiweka pembeni ya sahani. Mimi nimesimama pale na mwiko mkononi. Iliniuma sana. Mtu aliyetoa hela yake saa saba mchana, njaa imemkamata, hastahili kutafunishwa kamba.

Wifi yangu akaja na dawa yake. "Wifi, achana na nyama za bucha, zina nzi. Nenda supamaketi, nyama iko kwenye friji, imefungwa, ina tarehe." Nikamsikiliza. Kwa miezi karibu minne nilinunua supamaketi, kilo inazidi ya bucha kwa elfu tatu, nne, kipande kizuri hata zaidi ya hapo. Na kweli nyama ilikuwa nzuri machoni: nyekundu, imekatwa sawasawa, imelala kwenye sahani yake nyeupe chini ya nailoni. Lakini ikiingia kwenye sufuria inatoa maji mpaka rosti inageuka supu. Unaanza na sufuria imejaa, unamaliza na vipande vidogo vinaogelea. Nikawa nalazimika kuongeza nusu kilo kila siku ili sahani zitoshe, na faida yangu ilikuwa inaondoka na yale maji.

Basi nikakasirika, nikaenda upande wa pili kabisa. Nikasema, kama tatizo ni nyama kukaa, nitaifuata inakotoka. Ng'ombe wengi wanaoliwa jiji hili wanapitia mnada wa Pugu, wamesafirishwa kutoka Kanda ya Ziwa na mikoa ya kati, na usiku wa manane wanachinjwa. Nikaamka saa tisa na nusu, bodaboda mpaka machinjioni, alfajiri nimeshapata kilo kumi za paja, bado zina joto la ng'ombe mwenyewe. Ukiiweka kiganjani unaihisi inacheza, misuli inashtukashtuka. Nilirudi nyumbani nina furaha ambayo siwezi kuieleza. Nilijiona nimewazidi akili wote, wenye supamaketi na wenye bucha.

Saa mbili nikabandika. Saa nne ngumu. Saa tano nikaongeza maji, nikaongeza mkaa. Saa sita na nusu wateja wanaanza kuingia na nyama inaruka kwenye kijiko kama mpira. Siku ile niliuza wali maharage kwa watu walioniagiza wali nyama, nikapunguza bei kwa kila mmoja na kuwaomba radhi.

Sikukata tamaa. Wiki iliyofuata nikaenda tena, nikasema safari hii nitaigandisha kwanza, nipike kesho yake. Nikaikatakata ikiwa bado vuguvugu, nikaitupa kwenye friza. Kesho yake nilipoiyeyusha ikajikunja, vipande vikawa vifupi na vinene, maji mekundu yakajaa bakuli zima, na ilipoiva ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwenye bucha, mtaa wa tatu kutoka kwangu, ambaye nilikuwa nampita kila siku. Nilimwamkia, nikamweleza yote, akaniuliza, "Mama, hiyo nyama uliipa muda ilale?" Nikamwambia sijamwelewa. Akanieleza kwamba ng'ombe akishachinjwa, nyama inakuwa laini kwa saa chache tu, kisha inakaza, mwili mzima unakuwa mgumu, na inachukua siku nzima na zaidi ndipo ianze kulegea. Ukiipika kabla ya hapo umepika kamba. Ukiigandisha kabla haijamaliza kukaza, baridi inaikunja misuli ingali na nguvu zake, na hapo hata papai bichi halitakusaidia sana. Yeye mapaja yake yanalala yakiwa mazima, na mfupa wake, kwenye chumba cha baridi usiku kucha na mara nyingine usiku wa pili. "Nyama ya jana ndiyo nyama," akasema. Baadaye daktari wa mifugo anayekagua machinjioni alinithibitishia neno kwa neno, akaongeza kwamba ng'ombe aliyesafirishwa muda mrefu bila kupumzishwa anakufa amemaliza nguvu, na nyama yake inakuwa nyeusinyeusi, kavu ukiishika, na haikai siku nyingi.

Hapo ndipo nikaamua kuacha maneno ya watu na kutumia mzani wangu wa kupimia unga wa keki. Hili jambo najivunia mpaka leo.

Nilinunua kilo tatu za steki ya paja. Moja ya supamaketi, moja ya bucha la yule mzee iliyolala usiku mmoja, moja ya machinjioni ya alfajiri ile ile. Zote nikazikata vipande vya ukubwa mmoja, kila kilo ikaingia kwenye chujio lake juu ya bakuli, kwenye friji, kwa saa mbili. Bakuli la bucha lilikuwa na kijiko cha maji. La machinjioni karibu halina kitu. La supamaketi lilikuwa na robo kikombe ya maji mekundu, na hapo sijahesabu kile kitambaa kilicholazwa chini ya nyama kwenye sahani yake. Nilikipima nacho. Kilikuwa kizito kama pedi ya mtoto mchanga iliyolowa, na nilipokigeuza nikaelewa kimewekwa pale ili nisiyaone maji.

Kisha sufuria tatu, majiko matatu, chumvi kipimo kimoja, tangawizi kipimo kimoja, hakuna maji ya kuongeza mpaka yake yenyewe yakauke. Nilimwita wifi yangu aje ashuhudie, na alikuja. Ya bucha iliiva kwa saa moja na robo hivi, ikabaki gramu mia saba na ushee. Ya supamaketi ililainika mapema kidogo, lazima niseme ukweli, lakini ilibaki mia sita tu na ilikuwa haina ladha, kama nyama iliyokwisha kuchemshwa mara moja. Ya machinjioni mpaka saa mbili na nusu zinapita bado ilikuwa ngumu, nikaizima. Wifi alionja zote tatu macho amefumba, akanyooshea kidole sufuria ya bucha.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi kila supamaketi inauza maji. Nyama ile nadhani iligandishwa, ikayeyushwa, ikapangwa kama mbichi. Nyama bila mafuta karibu robo tatu yake ni maji, na ikiganda, barafu inapasua vijumba vyake vya ndani, kwa hiyo ikiyeyuka maji hayana pa kukaa. Tangu siku ile, nikiwa supamaketi nainamisha pakiti upande mmoja. Maji yakikimbilia kona, naiacha. Nikiona vipande vya barafu vimegandia kwenye nailoni kwa ndani, naiacha kwa haraka zaidi, maana hiyo huenda imeyeyuka ikagandishwa tena. Kipindi cha mgao wa umeme nilikuwa siingii kabisa upande wa nyama.

Na rangi! Watu wanaamini wekundu kama wanavyoamini muhuri. Nyama ikikatwa sasa hivi, ndani yake ina rangi ya zambarau. Ikikaa hewani nusu saa hivi ndiyo inakuwa nyekundu ya kupendeza, na ikiendelea kukaa inaelekea kahawia. Ile iliyofungwa bila hewa inabaki na ule uzambarau, mtu anaikimbia, kumbe ukiifungua ikapata hewa inarudi nyekundu na ni nzima. Yale maji mekundu yenyewe si damu, ni maji yaliyochanganyika na mayoglobini, kile kinachoipa nyama rangi. Wenzetu Kenya walipata mshtuko mwezi Julai 2019, televisheni ilipoonyesha kwamba baadhi ya supamaketi za Nairobi zilikuwa zinatia nyama sodiamu metabaisalfaiti ili ibaki nyekundu hata ikiwa imechoka. Dawa ile inaweza kumwamshia pumu mtu mwenye pumu. Kwa hiyo nyama iliyokaa siku tatu na bado inang'aa nyekundu kila upande, bila hata ukingo mmoja kugeuka, hiyo ndiyo inayonitisha.

Taa nazo. Kuna mabucha na supamaketi wanaofunga taa ya wekunduwekundu juu ya nyama. Mimi huomba kipande, nakipeleka mlangoni kwenye jua. Wapo wanaokasirika. Yule mzee hakukasirika, alinisogezea mwenyewe.

Kuhusu nzi alionitisha nao wifi, ana haki. Bucha lisilo na wavu wala kioo, gogo limejaa nyufa nyeusi, anayekata ndiye anayeshika hela, siingii hata nyama iwe bure. Lakini nanusa pia. Bucha safi linanuka nyama na chuma kidogo, basi. Ukisikia uchachu, au harufu kali ya dawa ya kuoshea sakafu saa mbili asubuhi, jiulize wanafukuza nini. Nyama nzima ukiibonyeza kwa kidole inarudi, ukiishika haigandi vidoleni kwa ute.

Jambo ambalo silitanii hata kidogo ni muhuri. Paja lililokaguliwa lina alama ya wino wa mkaguzi, na mwenye bucha wa kweli atakuonyesha bila kununa. Kuna kijana alikuwa anapita mtaani kwetu jioni na ndoo, anauza kilo karibu nusu ya bei, anasema ni ng'ombe wa shambani kwao. Majirani walinunua. Nilifunua ndoo nikaona nyama nyeusi, imejaa damu kwenye mishipa, na ng'ombe aliyechinjwa sawasawa damu yake inatoka. Ile ilikuwa nyama ya kibudu. Niliwazunguka majirani nyumba kwa nyumba usiku ule nikiwaomba waitupe, na wengine walinisema nina wivu wa biashara. Mnyama aliyekufa mwenyewe huenda amekufa kwa kimeta, na vijidudu vya kimeta havifi kwa kuchemsha kwa kawaida. Nasema hili kwa mtu yeyote anayedhani kununua kwa wenyeji maana yake ni kununua popote. Bucha lenye leseni la mtaani kwenu ni wenyeji. Ndoo ya jioni si wenyeji.

Mafuta ya njano yaliniogopesha zamani. Sasa nayapenda kwa kiasi: ng'ombe aliyekula majani mafuta yake yanaelekea njano, aliyeneneshwa kwa pumba na mashudu ni meupe. Ila njano iliyokolea sana pamoja na mfupa mweupe mkavu na nyuzi nene za nyama, huyo mara nyingi ni ng'ombe mzee, pengine aliyekamuliwa maziwa maisha yake yote. Supu yake tamu, mishkaki yake usijaribu. Ndama au ng'ombe kijana mfupa wake una wekundu kwa ndani.

Supamaketi bado naenda. Nikiwa na oda ya harusi inayotaka sarara za ukubwa mmoja, au nyama ya ng'ombe walionenepeshwa ranchi, pale naipata na risiti, na kama pakiti imepita mtihani wangu wa kuinamishwa nalipa bila kulalamika. Cha kila siku kinatoka kwa mzee. Naagiza jana yake, ananiwekea paja lililolala, nalipa elfu kumi na kitu kwa kilo kutegemea msimu, na zile nusu kilo nilizokuwa naongeza kila siku sijaziongeza tena tangu Ramadhani ya mwaka juzi.

Nyama ya kusaga sinunui iliyokwisha kusagwa, popote pale, maana humo unaweza kuficha chochote: mafuta, mishipa, ya juzi. Nachagua kipande, nasimama pembeni ya mashine. Na kabla hajatia cha kwangu, namwomba asukume kwanza kilichobaki ndani, kwa sababu kinachotangulia kutoka ni cha mteja aliyepita. Mara ya kwanza yule kijana wa mzee alinishangaa. Siku hizi akiniona tu naingia, anawasha mashine, anaisukuma mpaka inatoka safi, anaifuta, kisha ananiambia, "Tayari mama, leta."