Datsun Nyekundu ya Mwaka 1971

Niliondoka Yokohama asubuhi kwa treni, mkononi nikiwa na karatasi ya miadi niliyoiomba wiki kadhaa kabla, kwa kuwa jumba ambamo Nissan inahifadhi magari yake ya kale, huko Zama katika mkoa wa Kanagawa, halipokei mgeni asiyejiandikisha. Nilikuwa Japani kwa mafunzo ya kazi ya miezi miwili, na siku hiyo ya mapumziko nilikuwa nimeitengea jambo moja tu: kuliona kwa macho yangu gari lililoshinda mbio za Safari za mwaka 1971, Datsun 240Z (Datsun ni jina ambalo Nissan iliuzia magari yake) nyekundu yenye boneti nyeusi, ambayo baba yangu ameisimulia tangu nikiwa shule ya msingi.

Baba alikulia Taita. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa zikifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza kuigeuza barabara ya udongo kuwa tope la kufika magotini. Vijana wa kijijini kwao walikesha kandokando ya barabara wakiyasubiri magari. Anakumbuka kwamba mngurumo ulitangulia, taa zikafuata, na walipogutuka gari lilikuwa limekwisha pita na wao wametapakaa matope. Kama aliloliona ni hili hili au ni jingine la timu ya Datsun, hawezi kuapa, kwa sababu Datsun za kiwanda zilikuwa zaidi ya moja, na zote zilivaa rangi hizo hizo.

Kutoka stesheni nilichukua teksi hadi langoni. Zama palikuwa kiwanda cha kuunda magari tangu mwaka 1965 hadi uundaji huo ulipokoma mwaka 1995, na hata sasa majengo yana sura ya mahali pa kazi, kuta pana na lami iliyonyooka, pasipo pambo lolote la kumvuta mtalii. Ndani, mamia ya magari yamepangwa kwa safu ndefu, yale ya zamani zaidi yakiwa ya miaka ya 1930. Tulikuwa kikundi kidogo na mwongozaji mmoja. Nakiri kwamba safu za mwanzo nilizipita haraka, maana macho yalikuwa yakitafuta rangi nyekundu.

Nililikuta miongoni mwa magari ya mashindano. Ubavuni lina namba 11, na namba yake ya usajili ya Kijapani ingali palepale. Karibu yake kuna kibao, na japokuwa siwezi kusoma Kijapani, mwongozaji alinionyesha kwa kidole herufi chache akazitamka polepole: sa-fa-ri. Neno letu tunalolitumia kila siku, hata mtu anapokwenda mji wa pili kuhudhuria mazishi, limekaa pale kwa herufi zao, na kwao linamaanisha kwanza kabisa barabara zetu. Nilisimama hapo kwa muda mrefu.

Kilichonishangaza zaidi ni bodi. Nilitazamia gari linalong'aa kama lililotoka dukani jana, kwa kuwa nilijua limekarabatiwa, lakini bodi ina mibonyeo. Nilipoinama nikaliangalia kwa ubavu, mwanga wa taa za dari uliteleza juu ya bati ukavunjika kila palipopigwa, na rangi imefifia na kukwaruzika kama ya gari lililofanya kazi. Mafundi waliolifufua ni wafanyakazi wa kampuni hiyo wanaojitolea nje ya saa za kazi, katika kituo cha ufundi kilichoko Atsugi; kikundi chao kilianza mwaka 2006, na gari hili walilishughulikia mwaka 2013. Jitihada zao walizielekeza kwenye mitambo ili gari litembee tena kwa nguvu zake lenyewe, na makovu ya mwaka 1971 wakayaacha. Kwenye gereji nyingi za kwetu kazi huanza upande wa pili: bodi inanyooshwa, inapigwa rangi, mwenye gari anafurahi, na injini itajijua. Kwa maoni yangu mafundi wa Atsugi walifanya uamuzi wa haki, kwa sababu mibonyeo ile ndiyo ushahidi pekee ambao gari lenyewe linaweza kuutoa.

Chini ya boneti ile nyeusi, ambayo haikupakwa rangi ya kung'aa ili jua lisimrudie dereva machoni, kuna injini ya silinda sita iliyopangwa kwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Aliyeliendesha ni Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na msoma ramani wake Hans Schüller. Wawili hao walikuwa wameshinda mwaka uliotangulia kwa Datsun 1600SSS. Nafasi ya pili mwaka 1971 ilikwenda kwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda, ambaye mwaka 1973 alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo baada ya kufungana pointi na Harry Källström, kisha akatwaa ushindi mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Nalitaja jina la Mehta kwa makusudi, kwa sababu sifa za magari haya husimuliwa mara nyingi kana kwamba zilianzia kiwandani, ilhali waliozijenga ni madereva waliozijua barabara za Afrika Mashariki kwa kuziishi.

Nilipotoka langoni ilikuwa saa kumi jioni, na nyumbani ni saa nne asubuhi. Nilimtumia baba picha, kisha nikampigia simu.

"Shikamoo, baba. Umeziona?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeziona. Hawakulinyoosha?"

"Hawakulinyoosha. Wameliacha vilevile."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama wameliwasha nikausikia mngurumo wake. Nilimjibu kwamba siku hiyo lilikuwa limezimwa. Basi akaanza kuniigizia mngurumo ule kwa mdomo, taratibu, kama unaotokea mbali nyuma ya kilima, nami nikaibana simu sikioni hadi teksi ilipofika.