Bakapu imepata mtandao wake

Jamani, leo nimefurahi kweli! Seva zetu za hifadhidata sasa zinapeleka bakapu, yaani nakala za akiba za data, kwenye meinifremu (kompyuta kubwa) ya IBM kwa mtandao wake wenyewe.

Zamani bakapu ilipita njia moja na watumiaji. Laini ya megabiti 100 kwa sekunde, hata ikiwa tupu, haivushi zaidi ya gigabaiti 45 kwa saa. Na tepu inayoandikwa bakapu isipopata data ya kutosha husimama, hurudi nyuma, huanza tena. Ukikaa karibu unaisikia kabisa. Sasa kila seva ina kadi ya pili ya gigabiti, swichi za bakapu tu, na faiba hadi kwenye OSA, kadi ya mtandao ya meinifremu. Mtandao huo hauna njia ya kutokea nje, na kwangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote.

Kilichotutoa jasho ni ukubwa wa pakiti, yaani vipande ambavyo data husafiri navyo. OSA inakubali baiti 8992, kawaida ya Ethernet ni 1500. Swichi moja njiani ikibaki na 1500, ping ndogo (ujumbe wa kupima kama njia iko wazi) inajibu vizuri, lakini bakapu ikianza tu, inakwama. Mnaojenga wa kwenu, pimeni kwa pakiti kubwa tangu mwanzo, tena kwa kila seva.