Miaka Asiyoikumbuka Mtoto

Wapendwa katika Bwana, wiki hii naomba tufungue kitabu cha Hosea, sura ya 11, tutulie kidogo katika mstari wa 3.

Siku chache zilizopita, nikipanga kabati, nilikuta kofia ndogo ya sufu ambayo mwanangu aliivaa kabla hajatimiza miaka miwili. Nikamwita, nikamsimulia usiku ule homa ilipompanda, jinsi nilivyomlaza kifuani nikichovya kitambaa katika beseni la maji na kumpangusa paji la uso, nikiimba ubeti mmoja wa tenzi tena na tena kwa sababu hofu ilikuwa imenisahaulisha beti nyingine, hadi alfajiri jasho lilipomtoka naye akaomba maji. Alinisikiliza kwa adabu, akiigeuzageuza kofia ile katika kiganja ambacho sasa ni kikubwa kuliko changu, kisha akasema, "Mama, mimi sikumbuki kitu." Ana miaka 15.

Hakukosea, kwani wengi wetu hatuna kumbukumbu yoyote ya kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Hata hivyo neno lile lilinichoma, maana usiku ule ndipo nilipojifunza kuomba, na shahidi pekee niliyekuwa naye haujui.

Katika Hosea, Mungu anasema kwamba ndiye aliyemfundisha Efraimu, yaani watu wake Israeli, kutembea na kuwabeba mikononi, lakini hawakujua kuwa ndiye aliyewaponya. Tangu ujana wangu nimeusoma mstari huu kama shutuma kwa watoto wasio na shukrani, na shutuma kweli imo, kwa kuwa Israeli walikuwa wakiwatolea Mabaali, miungu ya Wakanaani, dhabihu. Lakini jioni ile niliona kwamba mtoto anayefundishwa kutembea hawezi kuukumbuka mkono uliomshika, bali anayekumbuka ni yule aliyeinama. Na tazameni anavyokumbuka: kufika mstari wa 8 anauliza atawezaje kumwacha Efraimu, huku moyo wake ukigeuka ndani yake. Miaka ile ya kubeba, ambayo angeweza kuidai, ndiyo inayomzuia asimwachilie.

Hapo ndipo dhamiri iliponishtaki. Siku hizi mwanangu hukaa kimya katika sala ya familia, na akiombwa atuongoze husema, "Omba wewe, Mama." Nami kwa hofu nimekuwa nikizigeuza kumbukumbu zangu kuwa hati ya madai: nilikubeba, nilikesha, nilikuweka mikononi mwa Bwana, na haya ndiyo malipo yangu? Siamini tena kwamba imani hudaiwa namna hiyo. Usiku ule wa homa ulikuwa wangu. Yeye atakuwa na usiku wake, na huenda siku hiyo mimi sitakuwapo.

Nimemkumbuka pia Hana, ambaye kila mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea alipopanda pamoja na mumewe kutoa dhabihu (1 Samweli 2:19). Mtoto alikuwa akikulia katika nyumba ya Bwana huko Shilo na mama alikuwa Rama, kwa hiyo hakuwa naye karibu ampime. Andiko halisemi alikisiaje, lakini mimi kama mama namwona akikunjua kitambaa, akimkumbuka mtoto wa mwaka uliopita, kisha akikata kipana zaidi kwa ajili ya yule ambaye hajamwona bado. Kama angeshona kwa kumbukumbu peke yake, kanzu ingembana.

Kofia nimeirudisha kabatini. Jana usiku nilipita mlangoni pa mwanangu, nikaona taa bado inawaka. Nilibisha hodi, nikamwuliza kama kuna jambo angependa nimwombee. Alinyamaza kitambo, kisha akanitajia rafiki yake ambaye baba yake ni mgonjwa. Nikaomba kwa sauti nikiwa nimesimama palepale kizingitini, na nilipomaliza akaitikia "Amina" kwa sauti nzito ambayo bado sijaizoea.