Kifuniko juu ya mabati

Karakana ya fundi cherehani niliyempenda ilikuwa Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu, Kongo, kwenye mteremko ulio juu ya soko. Ilikuwa nyumba ya mbao za mkaratusi, mita 4 kwa 3.5, paa la mabati, sakafu nusu saruji nusu mbao. Upande wa mlimani sakafu ililala juu ya udongo. Upande wa bondeni ilibebwa na nguzo, na chini ya mbao kulikuwa na uwazi wa kutosha mtoto kutambaa. Ndani mlikuwa na cherehani tano, meza ya kukatia, rafu za vikwembe, yaani vitenge, pasi ya umeme, na pasi ya makala, yaani mkaa, kwa zile siku za umeme kukatika. Niliijua nyumba ile hadi misumari yake. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa napita pale kila jioni, na nilikuwa nimekusudia kuwatuma wazee wangu kwao kabla ya Noeli.

Ilishika moto kiangazi, yapata saa saba usiku. Upepo wa usiku hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani, kwa hiyo ndimi ziliinamia bondeni na kuziteketeza nyumba mbili za chini. Hakufa mtu. Gari la zimamoto halipiti katika vichochoro vile; watu walizima kwa mabeseni, na kwa kuing'oa nyumba ya nne kabla haijaguswa.

Nilipofika alfajiri, yeye alikuwa kasho, yaani mahabusu, tayari. Mwenye parseli, yaani kiwanja, alikuwa amewaambia polisi kwamba alisikia harufu ya esanse, yaani petroli, tena fundi ana deni kubwa la likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa. Kazi yangu ni kuchunguza moto umeanzaje. Nilimweleza mkuu wangu kwamba mshukiwa ni mtu wangu wa karibu, kazi hii apewe mwingine. Akasema mwingine hayuko. Nilipaswa kukataa hata hivyo. Anayepima moto huku akiomba jibu moja hawezi kuuamini mkono wake mwenyewe.

Na mimi sikuwa naogopa kumpendelea tu. Miaka kadhaa nyuma, katika mtaa mwingine wa Bukavu, niliandika kwamba kijana mmoja alichoma duka kwa esanse. Ushahidi wangu ulikuwa vioo vya dirisha vilivyopasukapasuka kama utando wa buibui. Wakubwa wangu walinifundisha hivyo: mpasuko wa namna ile maana yake joto lilipanda ghafla, na joto la ghafla maana yake mafuta. Kijana alikaa gerezani miezi 14. Baadaye nikaja kujua kwamba baada ya moto mkubwa wa Oakland, Marekani, mwaka 1991, wataalamu walikagua magofu ya nyumba, kisha wakajaribu vioo maabara. Vilipasuka vile kwa sababu ya maji. Kioo cha moto kikirushiwa maji baridi hupasuka kama utando. Kikipashwa haraka peke yake, hakipasuki hivyo. Katika lile duka watu walikuwa wamerusha maji mengi sana. Mama wa yule kijana alikuwa akiuza ndizi sokoni Kadutu, na kila nilipopita alinisalimia kwa heshima, "Jambo, Papa."

Kwa hiyo Kadutu nilianza polepole. Picha kwanza, kutoka pembe zote nne, kabla mguu haujaingia. Kisha mabati. Watu wengi huvuta mabati na kuyarundika pembeni ili waone sakafu, na hapo wanakuwa wameshafuta nusu ya habari. Paa likidondoka hufunika kila kitu kilichokuwepo wakati ule. Kilicho chini ya bati kilikuwemo moto ukiwaka, kilicho juu kimekuja baadaye. Nilipiga namba kwa chaki, bati la 1 hadi la 17, nikachora kila moja lilipolala.

Juu ya bati la 6 palikuwa na kifuniko cha plastiki cha bidoni, lile dumu la mafuta, cha njano, kimefunikwa kwa majivu kidogo. Nilikigeuza. Upande wa chini kilikuwa kisafi, hakina hata alama ya kuyeyuka, na bati lililokuwa chini yake lilikuwa limepinda kwa joto na kubadilika rangi. Plastiki ya bidoni huyeyuka kwenye nyuzi kama 130, juu kidogo tu ya joto la maji yanayochemka. Kilikuwa kimeletwa pale baada ya bati kupoa, na mtu akakinyunyizia majivu kwa mkono. Nilipiga picha sita, na utepe wa kupimia pembeni, kabla ya kukiinua.

Nitakiri kwamba moyo uliruka. Nilitaka kuandika palepale kwamba ameonewa. Lakini kifuniko kilithibitisha jambo moja tu: kuna mtu aliyetaka ionekane ni esanse. Hakikusema nani amewasha.

Niligawa sakafu kwa kamba, miraba ya mita moja moja, nikachimba tabaka kwa tabaka kwa mwiko wa mwashi na brashi, majivu yote nikayachekecha. Kazi ya siku mbili. Alama ya chini kabisa ya kuungua ilikuwa kando ya mlango: ukuta uliungua kwa umbo la V, ncha yake sentimita 20 kutoka sakafuni. Kwenye moto mdogo hapo ningefunga daftari. Ila chumba kidogo kilichojaa vitambaa hufika hatua ambapo joto la darini linakaribia nyuzi 600 na kila kitu ndani kinawaka kwa pamoja, hata bila tone la mafuta. Mwaka 1990 huko Jacksonville, Florida, mtu alishukiwa kuchoma nyumba kwa esanse. Wapelelezi wakaichoma nyumba ya jirani iliyofanana nayo, kwa kuwasha kochi tu, na chumba kilifika hatua ile chini ya dakika 5. Baada ya hatua hiyo moto hufuata hewa, na mlango ndio unaoleta hewa. V ya mlangoni inaweza kuwa mwanzo wa moto, inaweza pia kuwa mahali moto ulipokuja kuvuta pumzi.

Upande wa mbao palikuwa na matundu matatu sakafuni. Polisi aliyenisindikiza aliyaonyesha kwa kidole: "Hapa ndipo alipomwaga." Tundu lina kingo za kusoma. Likiwa pana juu na jembamba chini, moto umeshuka. Likiwa pana chini, umepanda. Yote matatu yalikuwa mapana juu, na mawili yalikaa pale rafu za vikwembe zilipoangukia. Robota la kitambaa likianguka linawaka taratibu kwa saa nyingi kama makala, na uwazi ule wa chini ya sakafu unalipepea.

Pasi ya umeme ndiyo niliyoiogopa kuliko vyote. Umeme ulikuwa umekatika jioni ile, ukarudi kama saa nne. Fundi anayeondoka gizani akisahau pasi kwenye soketi huchomewa nyumba na umeme unaporudi, na hilo hutokea sana. Nilikuta plagi chini ya meza, chini ya bati la 11. Niliifuta kwa brashi laini. Meno yake mawili yalikuwa na masizi kuanzia ncha hadi shina. Plagi iliyokuwa ndani ya soketi hutoka na meno yanayong'aa, kwa sababu soketi huyakinga. Alikuwa ameichomoa. Nilikaa chini kwenye majivu, polisi akaniuliza kama naumwa.

Waya nao ulikuwa na lake. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, moto wa kawaida wa nyumba unaweza kufika huko, hivyo shaba iliyoyeyuka peke yake si neno. Lakini waya uliopiga cheche huacha tone la mviringo, na mpaka kati ya palipoyeyuka na pasipoyeyuka ni mkali kama umekatwa. Niliopata ulikuwa na tone kama hilo, sentimita 40 juu ya sakafu, kando ya mlango. Maana yake umeme ulikuwepo na moto ulifika pale mapema. Kama tone ndilo lililowasha au ndilo lililowashwa, lenyewe halisemi.

Mwisho, kizingiti. Nilichukua udongo wa chini yake na kipande cha ubao, na udongo mwingine wa mita tatu kutoka hapo kwa kulinganisha. Mfuko wa plastiki haufai, mvuke wa esanse hupenya. Nilitumia mitungi ya kioo yenye vifuniko vya chuma, iliyooshwa na kukaushwa, karatasi ya aluminiamu chini ya kifuniko, nikajaza theluthi mbili ili mvuke upate nafasi ya kukusanyika juu. Mtungi mmoja niliufunga mtupu ukasafiri na mingine, kuonyesha kwamba mitungi yenyewe haikuwa na harufu.

Jibu lilirudi baada ya wiki saba: esanse ipo kwenye kizingiti, udongo wa mbali hauna. Mwenye parseli alifurahi. Jioni ile nilipokea ujumbe kwenye simu, namba nisiyoijua: "Andika esanse, ulale vizuri."

Niliandika esanse. Niliandika pia kwamba karakana ilikuwa na jenereta ndogo, ikijazwa pale pale mlangoni kila umeme ulipokosekana, na kwamba mimi mwenyewe niliwahi kumshikia faneli mwenye karakana na ikamwagika. Niliandika kifuniko, plagi, tone la waya. Chini nikaandika: moto ulianzia karibu na mlango, sababu haijathibitika. Waliomshika hawakuwa na kitu kingine, wakamwachilia kabisa.

Alikuja ofisini kwangu siku ya tatu. Siku zote aliniita sheri, yaani mpenzi. Siku ile alisema, "Papa, unanijua?"

"Nakujua."

"Basi kwa nini hukuandika kwamba si mimi?"

Nilimwambia plagi inasema si pasi, na kifuniko kinasema kuna mwongo, lakini hakuna kitu kwenye majivu kinachosema ni mkono wa nani. Nikamtajia yule kijana wa miezi 14. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Wewe umemwandikia yule kijana. Hukuniandikia mimi."

Nilimrudishia mkasi wake mkubwa wa kukatia, ambao nilikuwa nimeuchekecha kutoka mraba wa pili. Niliusugua mwenyewe hadi ukang'aa. Alitoa kipande cha kikwembe kwenye mkoba, akakiweka kati ya makali, akabana. Kitambaa kilikunjika, hakikukatika. Chuma kilichopata joto kali kisha kikapoa polepole ndani ya majivu hulainika, hata ukikinoa makali hayakai. Nililijua hilo na sikuwa nimelifikiria.

Aliufunga mkasi ndani ya kile kitambaa. Kesho yake alipanda boti ya Goma.