Basi la hatua mia
Jana narudi Dar kutoka Mwanza. Ndege ya saa 1 jioni imeruka saa 4 kasorobo usiku. Maelezo tuliyopewa ni ujumbe mmoja wa simu: "Tunaomba radhi kwa usumbufu." Dada wa kaunta kila akiulizwa anajibu "bado kidogo", mpaka watoto wakalala juu ya mabegi.

Haya, tumetua. Matairi hayajagusa lami vizuri, watu washasimama. Mhudumu anaomba tukae, wapi! Mzee mmoja kashusha boksi lake la sato, linavuja, maji ya barafu yananidondokea begani tone moja moja.

"Shikamoo mzee. Samaki wako wananiogesha."

"Marahaba. Vumilia mwanangu, tushafika."

Tukajazwa kwenye basi kama dagaa. Dakika 20 limesimama, milango wazi, mbu wanajihudumia. Kisa? Tunamsubiri jamaa anayepiga selfi chini ya bawa! Na lilipoondoka lilizunguka pua ya ndege, likaenda hatua ambazo bibi yangu angezimaliza na mkongojo wake, likasimama. Mwisho wa safari, shukeni.

Na wale waliotukanyaga ili washuke wa kwanza? Waliingia basi wa kwanza, wakasukumwa hadi ndani kabisa, wakatoka wa mwisho. Hapo nilifurahi, siwezi kudanganya.

Begi langu lenyewe limefika leo mchana. Shati bado linanuka sato.